Cheti cha Wiki Nne na Stashahada ya Makerere: Historia ya Sifa za Kufundishia Kiingereza Ughaibuni na Uchaguzi wa Mwalimu Mzoefu

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya sifa za kitaaluma anazodaiwa mwalimu wa Kiingereza anayekwenda kufundisha nje ya nchi yake. Inafuatilia njia mbili zilizokutana na historia ya Afrika Mashariki takriban wakati mmoja: Stashahada ya Elimu ya Makerere, iliyotumika kuwaandaa walimu wa kigeni kuanzia mwaka 1961, na kozi fupi iliyoanzishwa London mwaka 1962. Hoja ya makala ni kwamba kila sifa iliundwa ili kujibu swali la wakati wake, na kwamba ugumu anaoupata mwalimu mzoefu wa Afrika Mashariki katika kuchagua unatokana na kutakiwa kujibu swali ambalo awali liliulizwa kwa ajili ya mtu mwingine.

1.0 Utangulizi

Mwalimu aliyehitimu Makerere, Nairobi au Dar es Salaam, akafundisha Kiingereza katika shule ya sekondari kwa miaka 15, akasahihisha mitihani ya taifa na kuwapokea wanachuo wanaokuja shuleni kwake kwa mazoezi ya kufundisha, hana shaka kwamba yeye ni mwalimu. Nchini mwake hakuna anayemwuliza. Shaka huanza siku anaposoma tangazo la kazi la kituo cha lugha huko Muscat, Doha au Riyadh na kukuta, chini ya sharti la shahada, mstari unaotaka CELTA au cheti kinacholingana nacho. Cheti hicho husomewa kwa wiki nne, na waandaaji wake wenyewe hukieleza kuwa kinamfaa hata mtu ambaye hajawahi kusimama mbele ya darasa. Mwalimu wa miaka 15 anaombwa aoneshe karatasi ya mwanzilishi.

Mwitikio wa kawaida ni wa aina mbili. Wapo wanaokasirika na kuiona karatasi hiyo kuwa dharau tupu. Wapo wanaonyamaza, wakaweka akiba na kuilipia. Ada yake hulipwa kwa fedha za kigeni na, kwa mwalimu wa shule ya serikali, huweza kumeza mishahara ya miezi kadhaa. Katika hali zote mbili uamuzi hufanywa bila kujua sifa hiyo ilitoka wapi na ilikusudiwa nani. Uchunguzi wa historia hauondoi sharti hilo kwenye tangazo, lakini unaonesha ni kitu gani hasa kinachoulizwa.

2.0 Makerere, Januari 1961

Mwaka 1961 ulianza, katika ufundishaji wa Kiingereza duniani, kwa mkutano uliofanyika Kampala. Kuanzia tarehe 1 hadi 13 Januari, Chuo cha Makerere kilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Jumuiya ya Madola kuhusu ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Tanganyika ilikuwa imebakiwa na miezi 11 kabla ya uhuru, Uganda chini ya miaka 2 na Kenya karibu miaka 3. Swali lililokuwa mezani halikuwa la nadharia peke yake. Shule za sekondari zilitarajiwa kuongezeka haraka, na walimu wa Kiingereza hawakutosha.

Mkutano huo unakumbukwa zaidi kwa namna Robert Phillipson alivyousoma miongo mitatu baadaye katika kitabu chake *Linguistic Imperialism* cha mwaka 1992. Phillipson alidai kwamba mijadala ya Makerere ilijengwa juu ya misingi mitano: kwamba Kiingereza hufundishwa vizuri zaidi kwa Kiingereza pekee, kwamba mwalimu bora ni mzawa wa lugha hiyo, kwamba kadiri mtoto anavyoanza mapema ndivyo anavyofaulu, kwamba kadiri Kiingereza kinavyofundishwa kwa wingi ndivyo matokeo yanavyokuwa mazuri, na kwamba lugha nyingine zikitumika sana kiwango cha Kiingereza kitashuka. Kila msingi aliuita upotofu. Ni haki kutaja kwamba orodha hiyo ni ya Phillipson mwenyewe. Wajumbe hawakuketi Makerere wakapitisha amri tano. Hata hivyo, msingi wa pili, ule wa mzawa kuwa mwalimu bora, umeacha alama nzito katika soko la ajira kuliko yote mingine, na makala itaurudia.

Jambo lisilotajwa sana ni lililotokea Makerere miezi michache baada ya mkutano. Kutokana na makubaliano yaliyofikiwa katika mkutano mwingine, ule wa Princeton nchini Marekani, Desemba 1960, ulianzishwa mpango uliojulikana kwa jina la Teachers for East Africa. Chuo cha ualimu cha Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kiliratibu upande wa Marekani. Waingereza nao walishiriki. Katika miaka iliyofuata, mamia ya vijana wenye shahada walikuja kufundisha masomo mbalimbali, Kiingereza kikiwamo, katika sekondari za Uganda, Kenya na Tanganyika.

Namna walivyopangwa ni ya kuzingatiwa. Waliokuwa tayari na uzoefu wa kufundisha walipewa maelekezo mafupi kuhusu mazingira ya Afrika Mashariki, kisha wakapelekwa moja kwa moja shuleni. Waliokuwa na shahada lakini hawajapata kufunzwa ualimu hawakupelekwa shuleni kwanza. Walipelekwa Makerere, wakasomea Stashahada ya Elimu, pamoja na mazoezi ya kufundisha katika shule za eneo hili chini ya uangalizi, na baada ya kufaulu ndipo wakapangiwa vituo.

Mambo mawili yanajitokeza hapa. Kwanza, mpango huo ulitofautisha mzoefu na asiye mzoefu, na tofauti hiyo ilibadilisha safari nzima ya mtu. Uzoefu ulikuwa na thamani inayohesabika. Pili, mzawa wa Kiingereza mwenye shahada kutoka chuo cha Marekani au Uingereza hakuhesabiwa kuwa mwalimu kwa sababu tu alizaliwa na lugha hiyo. Alipaswa kuketi darasani Kampala, akaonwa akifundisha, akasahihishwa. Mwelekeo wa sifa ulikuwa kutoka Afrika Mashariki kwenda kwa mgeni. Kwa hiyo, wakati ripoti za mkutano zikimsifu mzawa, utaratibu wa Makerere ulikuwa ukimfundisha kazi. Utaratibu huo una uzito kuliko maneno ya ripoti, ingawa historia iliyoandikwa imeyakumbuka maneno zaidi.

3.0 London, 1962

Njia ya pili haikuanzia chuo kikuu wala wizarani. John Haycraft na mkewe Brita walifungua shule ya lugha huko Córdoba, Hispania, mwaka 1953. Shule yao ilifanikiwa, ikazaa nyingine, na mwishoni mwa muongo huo wakaanzisha kituo London kilichokuja kuitwa International House. Tatizo lao lilikuwa la mwenye shule: walihitaji walimu wengi kwa haraka, na vijana wa Kiingereza waliokuwa tayari kwenda Hispania au Italia hawakujua namna ya kumfundisha mtu mzima ambaye hajui neno hata moja la lugha yao.

Ikumbukwe kwamba mafunzo ya kitaaluma yalikuwapo. Taasisi ya Elimu ya Chuo Kikuu cha London ilikuwa ikiwaandaa walimu wa kwenda makoloni tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1957 Chuo Kikuu cha Edinburgh kilifungua kitengo cha isimu tumizi kilichowapokea hasa watu waliokwisha kufundisha ng'ambo. Yaani, kwa mwalimu mzoefu wa wakati huo, njia ya kujiendeleza ilikuwa mwaka mzima wa chuo kikuu. Lakini njia hiyo haikumfaa Haycraft. Hakuwa akitafuta mwanaisimu. Alikuwa akitafuta mtu wa kuingia darasani Jumatatu ijayo.

Mwaka 1962 alianzisha London kozi ya wiki chache kwa ajili ya watu hao. Muundo wake ulikuwa wa kivitendo mno kwa viwango vya siku zile: asubuhi wanakozi waliangalia somo la lugha likifundishwa, wakajadili mbinu, na baadaye wakafundisha wenyewe mbele ya wageni halisi waliokuja kujifunza Kiingereza, huku wenzao na mkufunzi wakiwatazama. Nadharia ilipunguzwa hadi kiasi kinachobebeka. Kwa lengo lililowekwa, ubunifu huo ulikuwa mzuri, na sehemu yake ya kutazamwa na kukosolewa papo hapo imebaki kuwa ndiyo nguvu ya kozi hiyo hadi leo. Ila lengo lenyewe lisisahaulike: kozi hiyo ilikuwa jibu kwa upungufu wa uzoefu. Ilibuniwa ili kijana asiyejua kitu awe na mahali pa kuanzia.

4.0 Kutoka shule moja hadi mlango wa soko

Kama kozi ya Haycraft ingebaki kuwa ya shule zake, mwalimu wa Kampala asingekuwa na sababu ya kuijua. Kilichoieneza ni upimaji. Taasisi ya Royal Society of Arts, iliyokuwa na historia ndefu ya kutoa mitihani ya ufundi na biashara nchini Uingereza, iliingia katika sifa za ualimu wa Kiingereza katika miaka ya 1960, na mwishoni mwa miaka ya 1970 ikaichukua kozi hiyo fupi na kuifanya cheti chake. Mwaka 1988 bodi ya mitihani ya Chuo Kikuu cha Cambridge ilirithi mitihani hiyo. Mwaka 1996 cheti kilipewa jina la CELTA. Kando yake, Trinity College London ilijenga cheti na stashahada zake, zenye hadhi inayokaribiana.

Jina la Cambridge lilifanya kazi ambayo kozi yenyewe isingeweza kuifanya. Mwajiri wa Jeddah au Hanoi hahitaji kujua Haycraft ni nani. Anaiona Cambridge. Afrika Mashariki, ambako vizazi vya wanafunzi vilifanya mitihani ya Cambridge kabla ya Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki kushika kazi hiyo, inaielewa nguvu ya jina hilo bila kuelezwa.

Katika kipindi hicho cha upanuzi kulikuwa na mgawanyo ambao leo umekaribia kusahaulika. Sambamba na vyeti vilivyowalenga Waingereza waliotaka kwenda nje, Cambridge ilitoa cheti na stashahada maalumu kwa ajili ya wale walioitwa walimu wa Kiingereza wa ng'ambo, kwa vifupisho COTE na DOTE. Hawa walikuwa walimu waliokwisha kuajiriwa katika nchi zao, ambao walisoma huku wakifundisha na kupimwa katika madarasa yao wenyewe. Upande mmoja mgawanyo huu ulikuwa na kasoro dhahiri: uliwaweka watu katika makundi kwa mahali walipotoka, na cheti kilichoandikwa neno "ng'ambo" kilibeba hadhi ndogo sokoni. Upande wa pili, muundo wake ulitambua kitu ambacho CELTA haikukihitaji kukitambua, yaani kwamba mwanafunzi wa kozi hiyo tayari ni mwalimu, ana darasa, ana wanafunzi anaowajua kwa majina. Mwishoni mwa miaka ya 1990 stashahada hizo mbili ziliunganishwa kuwa DELTA, na COTE ikaja kurithiwa na cheti kingine cha walimu walio kazini, ICELT. Ubaguzi wa jina uliondoka. Lakini kwa kuwa soko lilikwisha kuzoea jina la CELTA, sifa iliyomfaa zaidi mwalimu mzoefu katika ngazi ya cheti ndiyo ambayo waajiri wengi hawaijui hata kwa jina.

5.0 Mzawa na pasipoti yake

Sifa ya kitaaluma haisafiri peke yake. Husafiri pamoja na pasipoti. Hapa ndipo msingi wa pili wa Phillipson unapogeuka kuwa kanuni ya uhamiaji. Viza ya E-2 ya Korea Kusini, inayotumiwa na walimu wa lugha za kigeni, kwa kawaida huwapokea walimu wa Kiingereza ambao ni raia wa nchi 7: Marekani, Kanada, Uingereza, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mganda aliyesoma kwa Kiingereza tangu darasa la nne hadi shahada, akakifundisha kwa miaka 20, hamo. Kijana wa Ohio mwenye shahada ya somo lolote yumo. Vilevile, orodha ya Serikali ya Uingereza ya nchi ambazo raia wake hawadaiwi kuthibitisha kwamba wanajua Kiingereza wanapoomba viza haina hata nchi moja ya bara la Afrika. Mwalimu wa Kiingereza kutoka Eldoret anaweza, kabla ya yote, kutakiwa kufanya mtihani wa Kiingereza.

Upinzani umekuwapo kutoka ndani ya taaluma yenyewe. Mwaka 1994 Péter Medgyes, mwalimu wa Hungaria, alichapisha kitabu kilichotetea kwamba mwalimu aliyejifunza lugha kwa jasho ana uwezo ambao mzawa hana: anajua mahali ambapo mwanafunzi atajikwaa kwa kuwa alijikwaa hapo mwenyewe. Mwaka 2006 chama cha kimataifa cha walimu wa Kiingereza, TESOL, kilitoa tamko la kupinga ubaguzi dhidi ya walimu wasio wazawa. Matamko hayo yamebadilisha lugha ya baadhi ya matangazo. Kanuni za viza hazikuandikwa na walimu, na hazijabadilika kwa kasi hiyo.

Uhusiano wa jambo hili na uchaguzi wa sifa ni wa moja kwa moja. Kwa mzawa, cheti cha wiki nne huongeza kitu kwenye pasipoti inayokubalika. Kwa mwalimu wa Afrika Mashariki, cheti hichohicho mara nyingi huombwa kifanye kazi ya pasipoti, na hakiwezi. Mwalimu anayelipa ada ya CELTA akiamini kwamba itamfungulia Korea amenunua ufunguo wa nyumba nyingine. Kwa sababu hiyo, swali la kwanza la mwenye kuchagua lingekuwa nchi anayoilenga na masharti yake ya viza. Jina la cheti linafuata baadaye.

6.0 Rwanda, 2008

Si kila mwalimu wa Kiingereza wa Afrika Mashariki aliyekwenda nje alipitia mlango huo. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwezi Oktoba 2008 serikali yake iliamua kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia badala ya Kifaransa. Mwaka uliofuata nchi hiyo iliingia Jumuiya ya Madola. Walimu wengi wa Rwanda, wenye uzoefu wa miaka mingi, walijikuta wakitakiwa kufundisha hisabati, sayansi na historia kwa lugha ambayo wao wenyewe walikuwa wakijifunza wakati wa likizo. Uzoefu wao haukufutwa, lakini chombo cha kuutumia kilibadilishwa wakiwa kazini.

Ili kuwasaidia, serikali ilianzisha utaratibu wa washauri wa walimu waliokaa shuleni, na miongoni mwa washauri hao walikuwamo Waganda na Wakenya. Hawa walivuka mpaka wakiwa na vyeti vya ualimu vya nchi zao na miaka yao ya kazi. Kazi yao ilikuwa ualimu wa Kiingereza ughaibuni kwa maana zote za neno hilo. Mwalimu aliyetoka Mbarara kwenda kukaa na walimu wa Huye, akasikiliza masomo yao na kuwasaidia kuunda maelezo ya sayansi kwa Kiingereza chepesi, alifanya jambo gumu kuliko mengi yanayofanyika katika vituo vya lugha vya miji mikubwa. Hata hivyo, anapoandika wasifu wake kwa ajili ya kazi ya Ghuba, hujikuta akiyabana yote hayo katika mstari mmoja ambao msomaji wa upande wa pili hajui auweke wapi.

Rwanda inafundisha jambo la pili pia. Sera zilirudi nyuma na kwenda mbele: mwaka 2011 Kinyarwanda kilirejeshwa kuwa lugha ya kufundishia katika madarasa ya awali ya msingi, kisha mwishoni mwa 2019 Kiingereza kikatangazwa tena. Sifa inayotegemea sera moja ya nchi moja hudumu kwa kadiri ya sera hiyo.

7.0 Uchaguzi wenyewe

Mwalimu mzoefu wa leo anakabiliwa na njia nne hivi, na kila moja imebeba swali la asili yake.

CELTA ina saa za mafunzo zisizopungua 120, saa 6 za kufundisha huku mwanakozi akitazamwa, na kazi 4 za kuandika. Inauliza: je, mtu huyu anaweza kumfundisha mtu mzima Kiingereza katika darasa dogo bila kutumia lugha nyingine? Mwalimu wa sekondari ya kutwa mwenye darasa la wanafunzi 80 anaweza kuona swali hilo kuwa jepesi. Si jepesi sana. Kufundisha 80 kwa ubao na daftari, huku mtihani wa taifa ukiwa mbele, ni ujuzi wa aina moja. Kuwafanya watu wazima 12 wazungumze wao kwa wao kwa saa nzima mwalimu akiwa kimya ni ujuzi mwingine. Aidha, walimu wengi wakishathibitishwa kazini hukaa miaka bila mtu kuja kulitazama somo lao na kulijadili nao hatua kwa hatua. Mkaguzi anapofika hutazama zaidi azimio la kazi na andalio la somo. Saa 6 hizo, kwa mwalimu aliye tayari kusikia, zinaweza kuwa na faida kuliko karatasi yenyewe. Wanaoidharau kozi hii moja kwa moja wanaipunja, sawa na wanaoiabudu.

DELTA inauliza swali tofauti: je, mwalimu huyu anaweza kueleza kwa nini anafundisha anavyofundisha? Tangu mwaka 2008 imegawanywa katika sehemu tatu, yaani mtihani wa maandishi, ufundishaji unaopimwa, na mradi mrefu, na sehemu hizo zinaweza kufanywa kwa nyakati tofauti. Katika mfumo wa sifa wa Uingereza imewekwa ngazi ya 7, ambayo ndiyo ngazi ya uzamili. Jambo ambalo walimu wengi hawalijui ni kwamba kanuni zake hazidai mtu awe na CELTA kwanza. Zinachotaka ni uzoefu. Kwa historia yake, hii ndiyo sifa iliyokusudiwa mwalimu aliyekwisha kufundisha. Ugumu wake ni kwamba vituo vyake ni vichache, na kwamba mwajiri aliyezoea kuandika neno CELTA katika tangazo anaweza kutolitambua jina jingine hata kama liko juu yake.

Shahada ya uzamili katika isimu tumizi au ufundishaji wa Kiingereza ndiyo njia ya Edinburgh ya mwaka 1957 katika vazi la leo. Vyuo vikuu vya Ghuba huitaka mara nyingi kuliko cheti chochote. Uzamili mwingi haumwoni mwalimu akifundisha hata mara moja, unamwona akiandika. Kwa mwalimu ambaye darasa lake halina shaka, hiyo si kasoro.

Njia ya nne ni kibali cha ualimu cha nchi ya kigeni, hasa cha Uingereza, kinachotakiwa na shule za kimataifa. Hicho kinakaribiana kwa asili na Stashahada ya Makerere kuliko vingine vyote, kwa kuwa ni sifa ya mwalimu wa shule, si ya mwalimu wa kituo cha lugha. Mwezi Februari 2023 Uingereza iliongeza nchi na maeneo 9 ambayo baadhi ya walimu wake wanaweza kuomba kutambuliwa kwa sifa walizonazo. Ghana, Nigeria, Afrika Kusini na Zimbabwe zilikuwamo. Nchi za Afrika Mashariki hazikuwamo.

8.0 Upande wa Kiswahili

Swali hili lina uso wa pili ambao wataalamu wa Kiswahili hawana budi kuutazama. Katika Afrika Mashariki, mwalimu wa Kiingereza na mwalimu wa Kiswahili mara nyingi ni mtu mmoja. Tanzania imezalisha vizazi vya wanafunzi wa mchepuo wa Historia, Kiswahili na Kiingereza, na vyuo vikuu vyake vimewapokea na kuwafanya walimu wa lugha hizo mbili. Mtu huyo akielekea mashariki, hadi Ghuba, anakwenda na Kiingereza na kudaiwa cheti cha wiki nne. Akielekea magharibi, mambo hugeuka.

Mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa kufundisha lugha huwachukua vijana, wengi wao walimu wa Kiingereza au wanaosomea kazi hiyo, kutoka nchi kama Kenya na Tanzania na kuwapeleka katika vyuo vya Marekani kwa takriban miezi 9. Huko hawafundishi Kiingereza. Wanafundisha Kiswahili. Yule ambaye Korea ilimwona hana uraia unaofaa kufundisha lugha aliyoisomea miaka yote, Marekani inampokea kwa kuwa ni msemaji wa Kiswahili, na pengine hajawahi kusoma hata muhula mmoja wa mbinu za kufundisha Kiswahili kwa wageni. Msingi uleule wa pili, unaomtukuza mzawa, sasa unafanya kazi kwa faida yake.

Baraza la Kiswahili la Taifa nchini Tanzania limekuwa likiandaa mafunzo ya muda mfupi kwa wanaotaka kufundisha Kiswahili kwa wageni na kuwaandikisha katika kanzidata ya wataalamu. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 2015 na yenye makao Zanzibar, ina nchi wanachama ambazo kila moja ina vyeti vyake vya ualimu. Mahitaji yanaongezeka tangu UNESCO ilipoitenga tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani, na shinikizo la kuzalisha walimu wengi kwa muda mfupi ni lilelile lililomkabili mwenye shule wa Córdoba. Atakayeandaa sifa ya pamoja ya walimu hao atakuwa na mifano miwili mezani, wa London na wa Makerere, na atalazimika kuamua mapema kama mwalimu wa Kiswahili wa miaka 15 kutoka Bujumbura au Mombasa ataingia katika kozi hiyo kwa mlango mmoja na kijana aliyemaliza kidato cha sita mwaka jana.